Ndege wa Chini ya Mianzi

Siku tulipoondoa matanga ya baba, mvua ilikatika tangu asubuhi, na wazee walikaa uani juu ya magogo wakingoja kinywaji. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto chini ya sufuria ya makande. Mdogo wangu Gervas akapita mlangoni na ndoo ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, iliyofunikwa kwa jani la mgomba, na jani likateleza. Ile harufu ikanifikia. Ni harufu ya majani mabichi yaliyolowa, ya uchachu, na ya utamu kidogo ulioanza kuharibika. Nikakaa chini juu ya kuni, mwiko mkononi. Wanawake wenzangu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaniletea maji. Nilikuwa na uchungu, sikatai, ila wengine wakisikia harufu ya ulanzi hukumbuka ngoma na harusi, mimi hukumbuka ndege.

Ninyi wa rika langu mliokulia huko juu Mufindi wakati wa Mwingereza mnajua vilima vyetu vilivyokuwa. Misonobari hii inayolisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo ilikuwa haijapandwa. Zilikuwa nyasi tupu, kilima juu ya kilima, na ukungu asubuhi hadi umtafute ng'ombe kwa kusikiliza kengele yake. Mabondeni ndiko kulikokuwa na mianzi, na mianzi ya bonde letu aliigema baba.

Ugemaji wa ulanzi hauna siku ya mapumziko, hata Jumapili. Mvua zikishika, chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa nene kama mkono wa mtu mzima. Mgema hulikata ncha, hulikunja kidogo, kisha hulitundikia mbeta, yaani kile chombo kirefu cha mwanzi, ili utomvu udondokee humo. Asubuhi na jioni lazima arudi alikwangue tena kipande chembamba kama ukucha, la sivyo kidonda hufunga na mwanzi hukataa kutoa. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, tuliuita mtogwa, hata sisi watoto tulipewa. Ukikaa hadi kesho yake unaanza ukali, na ukikaa zaidi ya hapo unamlaza njiani mwanamume mwenye mke na watoto.

Kabla sijafika kwa ndege, niseme habari ya mkono. Kwetu mbegu haziwekwi ardhini na kila mtu, na kuku hawekewi mayai ya kuatamia na kila mtu. Kuna mwenye mkono mzuri, akipanda zinaota, akiweka mayai yanaanguliwa. Na kuna mwenye mkono mbaya. Huyo hatukanwi wala hafukuzwi, anaambiwa tu, “Wewe kaa kando kidogo.” Nilikuwa na miaka kama saba, meno ya mbele yameng'oka, nilipoambiwa nikae kando.

Nilikuwa namlea mdogo wangu Filipo, ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Siku moja ya kipupwe mama alikuwa shambani anavunja mahindi ya mwisho, nami nilikuwa na Filipo mgongoni, nimefungwa naye kwa mbeleko. Alikuwa mzito na nilitaka kucheza. Nikamfungua, nikamlaza juu ya nyasi kwenye jua, nikamfunika na mbeleko yake, nikaenda kuruka kamba ya mgomba peke yangu. Niliporudi alikuwa amelala vizuri. Jioni mwili wake ulikuwa moto. Kesho yake akashindwa kunyonya, na keshokutwa alfajiri baba alimbeba kuelekea zahanati ya misheni, mwendo wa nusu siku, akamrudisha kabla ya kufika katikati ya njia. Walisema ni kichomi.

Shangazi Agata, dada mkubwa wa baba, alikuja kukaa nasi wakati wa msiba. Ndiye aliyemlea baba baada ya bibi kufa, na baba hakuwahi kumjibu neno. Nilikuwa nyuma ya kihenge cha mahindi nilipomsikia akimwambia mama, bila hasira, kama mtu anayesema kuwa mawingu yanakuja:

“Mtoto huyu ana mkono mbaya. Mayai aliyomwekea kuku mwezi ule yalioza yote. Sasa na huyu.”

Nilikaa pale nyuma ya kihenge nikiigeuza mikono yangu, juu na chini, nikitafuta palipo na ubaya. Niliona uchafu wa kawaida na chunjua moja kwenye kidole cha kati. Nikaamua kuwa ni ile chunjua, nikaisugua kwa jiwe hadi ikatoka damu, lakini ikaota tena.

Tangu hapo nikaacha kugusa vitu vilivyo hai. Maji nilichota na kuni nilikata, maana maji na kuni havifi. Ndama sikumgusa, kifaranga sikumgusa, na mtoto wa jirani akinikimbilia nilirudi nyuma mikono ikiwa makwapani. Mvua za kwanza zilipoanguka tukaenda wote kupanda. Shangazi akanipokonya kibuyu cha mbegu taratibu, akasema, “Wewe mama, kaa kando kidogo, utulindie chakula.” Nikakaa kandoni mwa shamba na chungu cha viazi, nikitazama migongo ya watu wangu ikiinama na kuinuka. Kwa umri huu nimezika wengi, lakini upweke kama ule sijauona tena.

Baba aliona. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, mwenye kovu la kisu cha kugemea kwenye kidole gumba. Alisimama na jembe lake akinitazama, kisha akainama akaendelea kupanda.

Ulanzi ulipoanza, aliniambia nifuatane naye asubuhi bondeni nimshikie kisu. Njia yetu ilipita kwenye kichaka cha kwanza cha mianzi, kilichokuwa karibu kabisa na nyumba. Asubuhi moja pale chini, juu ya majani makavu, nikamwona ndege. Alikuwa chozi, wale wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, kijani kinachong'aa. Amelala ubavu, miguu imelegea, jicho nusu limefumba.

“Baba, kuna ndege amekufa.”

“Hajafa. Mtazame kifua.”

Kweli, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. “Mwokote, baba.”

“Mikono yangu imejaa.” Alikuwa na mbeta mbili, moja kila mkono. “Mwokote wewe.”

“Mimi siwezi.”

“Basi tumwache. Siafu wako njiani, nimewaona pale mtoni.” Akaanza kuondoka.

Nilimchukia baba dakika ile. Nikamwangalia akienda bila kugeuka, nikamwangalia chozi, nikaangalia njia ya mtoni. Kisha nikachutama nikamwokota. Hakuwa na uzito wowote. Moyo wake ulipiga ndani ya kiganja changu mbio hata nisiweze kuuhesabu, na mimi nikashika pumzi nikingoja usimame. Haukusimama. Nikaenda naye nyumbani mikono imefumbatana kama mtu atokaye kupokea komunyo. Mama akanipa tenga la kuku lenye majani makavu, tukaliweka karibu na mafiga. Nikasali Salamu Maria zote nilizozijua, ambazo zilikuwa moja na nusu. Kabla jua halijafika kichwani, chozi akatoka kwenye tenga, akajigonga kwenye mwimo wa mlango, akaruka nje. Mama akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu kipupwe.

Kesho yake palepale nikawakuta wawili, mnana na chiriku. Keshokutwa akawa shorwe. Baada ya hapo haikupita siku mbili bila mgonjwa, na siku nyingine walikuwa watatu au wanne kwa pamoja. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja, nami nikawa mjuzi wa dalili zake. Shingo inalegea. Miguu haishiki. Ukimsimamisha anaegemea upande mmoja, anafumbua jicho, anakutazama kama unamdai, analifumba tena. Mdomoni ananuka ulanzi. Hilo halikunishangaza hata kidogo, kwa kuwa kwetu kila kitu kilinuka ulanzi, pamoja na blanketi, kisu na baba mwenyewe. Na baba, siku za sikukuu, alikuwa na dalili zote nilizozitaja, tena kwa mpangilio uleule. Sikuunganisha mambo. Mtoto huona vyote, asivyoweza ni kuvifunga mzigo mmoja.

Dawa yangu ilikuwa majivu ya uvuguvugu chini ya tenga, maji kwa ncha ya jani, ile sala, na kiganja changu juu ya mgongo wa ndege hadi atulie. Na wote walipona. Hebu fikiria, wote! Sikupoteza hata mmoja. Nikaanza kutembea kifua mbele. Nikamshika ndama pua. Watu waliokuja kunywa kwa baba wakawa wananiita daktari, nami nikaitikia bila aibu. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walinijua mimi.

Ikaja ile mvua ya mawe. Huko juu mvua ya mawe si ya mchezo, huacha shamba limelala na mbuzi wakitetemeka. Ilipiga alasiri, ikang'oa majani ya migomba, ikatoboa paa letu. Ilipokwisha, nyasi zote zilikuwa nyeupe. Na juu ya ule weupe wa mteremko, wale korongo wageni waliokuja kila masika kula viwavi na panzi walikuwa wakijikusanya, wakubwa, weupe wenye ncha nyeusi za mabawa na miguu myekundu. Waliruka wakaenda. Mmoja alibaki. Alitembea huku bawa lake la kushoto likiburuta chini kama shuka.

Nilimkimbilia. Alinipiga mdomo kwenye mkono, alama ninayo hadi leo, nikamfunika kwa gunia nikamleta nyumbani. Alikuwa mkubwa karibu kama mimi. Hakuenea kwenye tenga, nikamweka kwenye kona ya jikoni. Majivu, maji, sala, kiganja. Nikalala kwa raha kabisa, nikijua kesho ataondoka.

Kesho hakuondoka. Wala siku ya pili. Alisimama konani mguu mmoja, bawa limening'inia, hagusi ugali wala viazi nilivyompa. Baba akaingia akamtazama, akasema, “Hili bawa limevunjika, mama. Linataka kufungwa.” Baba na shangazi waliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yao. Mimi nikamjibu kwa kiburi ambacho nikikikumbuka nataka kucheka na kulia, “Mwache, baba. Mkono wangu utamponya.” Akaenda kwenye mianzi yake.

Siku ya tatu akaja Shangazi Agata kutuona tulivyoharibiwa na mvua. Akamkuta korongo amechutama, macho yamefifia, nami nimeweka kiganja mgongoni mwake naomba.

“Huyu amepatikana wapi?”

“Mvua ya mawe, shangazi. Ninamponya.”

“Unamponyaje?”

“Kama nilivyowaponya wale wadogo. Wote wamepona.”

Shangazi akakaa kwenye kigoda akavua kitambaa chake kilicholowa. Nataka niwe wa haki kwake. Hakuwa mkatili, na sauti yake ilikuwa ya upole. “Wale walikuwa wamelewa, mwanangu. Ndege wanakunywa kwenye mbeta wanaanguka. Mlevi akilala anaamka, kama baba yako na wenzake. Hukumponya hata mmoja. Huyu ana mfupa uliovunjika. Usimtese, mwambie baba yako amchinje.”

Nilitoa kiganja changu mgongoni mwa yule ndege kama kimeungua. Kila kitu kikajifunga mzigo mmoja papo hapo, zile shingo, ile miguu, ile harufu. Basi sikuwa daktari. Nilikuwa yuleyule aliyekaa kandoni mwa shamba, na huyu korongo alikuwa anakufa kwa kuwa nilimshika, kama Filipo.

Baba aliporudi nilikuwa nimekaa nje chini ya upenu, mikono makwapani. Shangazi alikuwa ameshaondoka.

“Baba, wale ndege walikuwa wamelewa?”

Akaziweka mbeta chini, moja moja, ili zisimwagike. “Walikuwa wamelewa.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

Nikalia. Nililia kwa sauti, sikujali. Baba akachutama mbele yangu. Tuliongea Kihehe, nami sina namna ya kuyaleta maneno yake kwa Kiswahili yakabaki mafupi vile.

“Sikiliza. Nimegema miaka mingi. Ndege akilewa akaanguka, siafu humkuta kabla ulevi haujamtoka. Asubuhi nakuta manyoya. Wale wako waliamka kwa sababu kuna mtu aliwaokota. Pombe haimuui ndege, mama. Kinachomuua ni kulala chini bila mtu.”

Hapo ndipo lilipotoka neno ambalo sikuwa nimemwambia yeyote. “Filipo nilimlaza chini. Nikaenda kucheza.”

Baba aliacha kuchutama, akakaa chini mbele yangu.

“Filipo hakufa kwa hilo,” akasema. “Usiku wa kabla yake nilisikia kifua chake kinakoroma. Nilikuwa macho. Nikasema nitampeleka misheni asubuhi. Asubuhi nikaona anacheka, nikasema basi, nikaenda kuezeka kwa jirani. Hata wewe ulikuwa hujamfunga mgongoni bado.” Akanyoosha mkono wake wenye kovu, akauweka juu ya goti langu. “Kama kuna mkono, ni huu uliochelewa. Wako hauna kitu.”

Sijui mama alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Sijui kama alikuwa akilijua lile la kifua kinachokoroma, au ndiyo kwanza analisikia. Akaingia ndani, tukasikia kifuniko cha kikapu kikifunguliwa, akatoka na mbeleko ya Filipo, ile yenye maua mekundu yaliyofifia, ambayo tangu msiba hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Akaishika kwa meno akaichana upande mmoja, kitambaa kikalia. Akachana tena, na tena, vipande virefu, akavikunja akampa baba.

“Mfunge vizuri,” akasema.

Tulimfunga watatu. Mama alimshika kichwa ndani ya nguo yake ili asione. Baba alichonga fito mbili nyembamba za mwanzi, akazilainisha ncha kwa kisu chake cha kugemea, akazilaza upande huu na huu wa mfupa. Alikuwa ameshafunga miguu ya mbuzi iliyovunjika, bawa hakuwahi, na kijasho kilimtoka. Mimi nilipewa kazi ya kulishika bawa lenyewe, limekunjwa ubavuni kama ndege anavyolikunja akiwa mzima, huku baba akizungusha kitambaa. “Usilegeze, usikaze,” aliniambia. Nilihisi ncha za mfupa zikikutana chini ya vidole vyangu, na ndege akatetemeka mwili mzima, kisha akatulia. Mikono yangu haikutetemeka. Nilistaajabu.

Basi uganga ukaisha, kazi ikaanza. Korongo hataki majivu wala Salamu Maria, anataka panzi. Asubuhi kabla umande haujakauka, panzi wakiwa bado wazito, nilikwenda mteremkoni na kibuyu nikarudi kimejaa. Nilichimba minyoo, nilikamata vyura, nilipanga mstari wa viwavi mbele yake kama mama mkwe anayemwandalia mkwe mkaidi. Mwanzo ilibidi nimpanulie mdomo. Siku ya nne akameza mwenyewe, akagonga mdomo wake, kak-kak-kak, na mimi nikaenda kumwambia baba bondeni mbio, nikaanguka mara mbili njiani. Nilifagia mavi yake, na yalikuwa mengi. Niliangalia kitambaa kila siku kama kimemkata. Wale ndege wadogo niliendelea kuwaokota vilevile, nikiwaweka tengani bila sala ndefu, na nikiwaambia waache pombe.

Mvua zilipoanza kupungua baba alimfungua. Bawa lilikuwa limeunga, ila limekaa chini kidogo kuliko lenzake. Kila alasiri nilimpeleka juu ya kilima, nikamshika kiunoni, tukashuka mbio pamoja, mimi na yeye, kisha nikamwachia. Aliruka hatua tatu akaanguka kifudifudi. Kesho yake hatua tano. Majirani walikuja kucheka, na walikuwa na haki. Huku nyuma wenzake walikuwa wanajikusanya mbugani, kila siku wengi zaidi, na tulijua kwamba siku moja wangeamka na kwenda huko kwao ambako hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyewahi kukujua. Asipokwenda nao, baba aliniambia wazi, kipupwe kitamkuta peke yake, na kipupwe chetu si cha ndege yule.

Walikwenda. Niliwaona wakipanda kwa kuzunguka juu ya bonde, mzunguko juu ya mzunguko, hadi wakawa vumbi, na wangu akiwa amesimama uani shingo juu. Siku tatu sikumpeleka kilimani. Siku ya nne, mchana wa jua kali, likapita kundi lingine dogo, la waliochelewa. Nilikuwa naye kilimani. Sikumshika wala kumsukuma. Alikimbia mwenyewe mteremkoni, hatua tano, kumi, miguu ikaachana na nyasi. Aliruka vibaya, ameinama upande wa kushoto kama mtu aliyebeba ndoo, lakini aliruka. Akazunguka bonde letu, akazunguka tena juu zaidi, akaingia nyuma ya wenzake. Nilimfuata kwa macho kwa lile bawa lililoinama hadi machozi yakanizuia. Sikujua kama alifika. Hata leo sijui.

Baada ya Pasaka Shangazi Agata akaja tena. Safari hii alikuwa na kikapu cha pumba kichwani, anatembea kwa uangalifu mno. Alimsalimia mama, akakaa, akazungumza habari za chumvi na za mguu wake unaouma, kisha akaniita.

“Kuku wangu ameatamia mara mbili, mayai yameharibika,” akasema, akifunua pumba. Yalikuwa mayai kumi na moja. “Njoo nyumbani uniwekee haya.”

Nilimtazama baba. Alikuwa ananoa kisu chake, hakuinua kichwa. Nikamfuata shangazi kuvuka bonde. Nikayaweka chini ya kuku wake moja moja, na shangazi amesimama nyuma yangu akishika pumzi, nilimsikia. Wiki tatu baadaye walitoka vifaranga tisa, na kijiji kizima kikaambiwa mayai yameanguliwa yote. Niliolewa na nikazaa ndipo mama aliponieleza kuwa mayai mawili yalioza, shangazi akayatupa mtoni kabla sijafika kuwatazama vifaranga. Masika iliyofuata nilibeba kibuyu cha mbegu pamoja na wengine.

Hayo yote yalinirudia pale jikoni juu ya kuni, siku ya matanga. Nilipopata nguvu nikachukua kikombe nikatoka uani kukaa na wazee. Mmoja wao, Mzee Kalolo, ndiye pekee aliyebaki katika wagema wa rika la baba. Haoni vizuri tena. Nilimsalimia, akaishika mikono yangu akaipapasa, akacheka bila meno.

“Wewe ndiye binti wa ndege?”

“Ndiye mimi, baba.”

Gervas, ambaye alizaliwa miaka mitatu baada ya Filipo na ndiye anayeigema mianzi ya baba sasa, akadakia. “Dada na habari zake za ndege! Mimi mbona naokota wawili, watatu kwa masika nzima? Yeye anasema ilikuwa kila siku.”

“Ilikuwa kila siku,” nikamwambia, nimeudhika. “Palepale kwenye kichaka cha kwanza.”

Mzee Kalolo akatikisa kichwa. “Kichaka cha kwanza wapi! Baba yenu alikuwa anapita kwenye mianzi yetu sote jioni, hadi ng'ambo ya mto, na kikapu. Na alfajiri anapita tena, kabla watu hawajaamka. Ndege walioangushwa na ulanzi wangu, wa Mzee Mhema, wa nani, anawaokota anawafunika anaondoka nao. Sisi tulimcheka sana. Tukamuuliza, ‘Unawapeleka wapi hawa walevi?’ Anasema, ‘Nina mgonjwa nyumbani.’ Hilo tu, hasimami hata kupumzika. ‘Nina mgonjwa nyumbani.’” Akanywa, akajifuta mdomo. “Sisi tulidhani anamsema ndege.”